Mkilua na Maji ya Ng'onda

Nyumbani kwangu hapa Riyadh kila mtu ana kazi yake ya jikoni, na mimi yangu hainyang'anywi: maji yaliyorowekewa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, nayamwaga mwenyewe. Mume wangu hunicheka kwa hilo, watoto wameshazoea. Wiki iliyopita jamaa yetu kaja kutoka Unguja na kifurushi kilichofungwa kwa magazeti matatu na mfuko wa nailoni, na bado kilinuka tangu mlangoni. Nikaroweka vipande vinne usiku kucha kuvipunguza chumvi. Asubuhi binti yangu akalibeba beseni akaelekea nalo kwenye dirisha la sebuleni ninapoweka makopo yangu ya mrehani. "Mama, maji haya niimwagie?" Nilipiga ukelele hata jirani Mmisri akagonga ukuta. Mtoto akaganda na beseni lake mikononi, maskini, hajui kosa lake. Nikamnyang'anya, nikayamwaga chooni, kisha nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikalia. Kaa kitako, rafiki yangu, nikueleze nililia nini, maana yeye sikumweleza.

Mimi nimekulia Jedda, mtaa wa Baghdadia, katika nyumba ya ghorofa nne ambayo ngazi zake zilikuwa nyembamba hata kabati letu la nguo lilipandishwa kwa kamba kupitia dirishani. Ukipanda ulijua umefika wapi kwa pua tu. Chini kulikuwa na mkate wa Myemeni wa tanuri, ghorofa ya kwanza udi na bizari, ya pili Wasudani na bamia zao, ya tatu sijui nini kwa kuwa wale watu hawakuwa wakipika, na ya nne tulikaa sisi: bibi, mama mdogo na mimi. Mama yangu alifariki sijamjua, baba kazi zake zilikuwa za safari, kwa hiyo nilikuwa mtoto wa bibi, kwa raha zake na kwa mikwaju yake.

Pale ghorofa ya kwanza penye udi na bizari ndipo alipokaa shoga yake bibi. Mimi nikimwita bibi wa chini. Walitoka Unguja pamoja wakiwa wanawali, wakaolewa mwaka mmoja, wakafiwa na waume zao kila mmoja kwa wakati wake, wakajikuta tena wako mji mmoja na jengo moja. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, binti hakuruzukiwa, basi kichwa changu kilikuwa chake. Kila Alhamisi nilishuka anisuke, na kila aliponivuta nywele nikalia alinitia kisheti mdomoni kuniziba. Visheti vyake vilikaa kwenye kopo refu juu ya friji. Hata leo nikila kisheti kichwa kinaniwasha.

Sasa njoo nikupandishe juu ya paa, maana hapo ndipo yalipokuwa mambo. Paa la nyumba yetu lilikuwa bapa, lina ukuta mfupi pande zote, tangi la maji pembeni, na makopo. Makopo ya maziwa ya unga, ya samli, ya rangi, mapipa ya zeituni yaliyokatwa nusu, na ndani yake mna kila kinachonukia: mirehani, asumini, mchaichai, waridi la Taifu, na mkadi ambao bibi alipewa na mama mmoja wa Jizani, kwani kule nako wanaupanda na kuupenda kama sisi. Joto la Jedda lina unyevu kama la kwetu. Ukiuchomeka mche ukaupa kivuli na maji, unashika.

Maji ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Maji ya tangi yaliletwa na gari, na bibi hakuyaamini, alisema yana chumvichumvi. Yeye alitaka maji ya kiyoyozi, yale yanayodondoka tone tone nyuma ya mashine za dirishani. Kule chini uchochoroni ndoo zilipangwa kukinga, na kila siku baada ya alasiri nilishuka ngazi zote zile nikapanda na ndoo, mara mbili, mara tatu, na maji yakinimwagikia miguuni. "Mti hauna mdomo," bibi akisema, "lakini hausahau." Nami nikiona ni maneno ya kizee tu ya kunitumikisha.

Ijumaa baada ya alasiri wanawake walikuja, watu wa Unguja, wa Pemba, wa Lamu, na yule mama wa Jizani aliyekuwa haelewi nusu ya maneno na anacheka yote. Kila mmoja na kopo lake chini ya baibui kama mtu aliyeficha mtoto. Bibi alitoa kahawa na kashata, mkeka ukatandikwa, na soko likaanza. Nasema soko, lakini pesa haikutajwa, aliyeitaja pesa aliaibika. Ilikuwa mche kwa mche. Waridi la Taifu lilikuwa sawa na asumini mbili na ahadi ya mchaichai. Walibishana, wakatukanana kwa mapenzi, wakaapiana kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakika ule ulikuwa mche wa mwisho, na nyumbani wanayo mitano. Na ilikuwapo kanuni moja ambayo hata mtoto aliijua: ukipewa mche ukashika, mwaka hauishi umrudishie mwenyewe mtoto wake. Yaani ukatoe tawi la huo huo, ulioteshe mizizi, umpelekee. Kwa sababu mti wake ukifa, mbegu iko kwa shoga yake. Nimepita madukani mwa miche hapa Riyadh, makubwa kama viwanja vya mpira, sijaona kanuni iliyo na akili kama hiyo.

Mti mmoja tu haukuwamo sokoni, na huo ulikuwa mkilua. Kama hujawahi kukiona kilua, sijui nikuelezeje. Ni kijiua cha petali nene, huanza kijani ukadhani ni jani limejikunja, kisha kinaiva njano, na hapo kinanukia hata mtu anayepita ngazini anasimama. Bibi aliletewa mche wake na haji mmoja wa kwao, ndani ya kifuu cha nazi, umefungwa kitambaa kibichi. Miaka mitano aliutunza bila ya kuona ua. Aliusemesha asubuhi, "Leo vipi, bwana?" nasi tukicheka. Kuuzalisha ilikuwa kazi, maana tawi la mkilua ukilikata ukalichomeka hivi hivi halishiki. Inabidi ulipinde lingali mtini, ulifukie katikati yake ndani ya kopo jingine la udongo, uweke jiwe, ungoje miezi mpaka lifanye mizizi yake, ndipo ulitenge na mamake.

Mwaka niliotimiza miaka tisa mkilua ukatoa vitumba, saba kwa hesabu ya bibi. Na mwaka huo huo mama mdogo aliposwa. Bibi aliona ni jambo limepangwa mbinguni: bintiye ataingia kwa mumewe ana kikuba cha nywele chenye asumini, mrehani, mkadi na vilua, kikuba kamili kama cha wanawali wa kwao, siyo haya mashada ya asumini tupu yanayouzwa barabarani. Alilisema hilo kwa kila mtu. Na siku ile ile alilipinda tawi moja akalifukia kwenye kopo la maziwa, akamwambia bibi wa chini mbele ya wanawake wote, "Mtoto wa kwanza wa mti huu ni wako wewe, shoga yangu." Bibi wa chini alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nakumbuka nilimwonea ajabu mtu mzima kulilia kopo la udongo.

Zilikuwa zimebaki siku saba kufika harusi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya jua la kupasua kichwa. Bibi alikuwa ameroweka ng'onda tangu usiku, atupikie na muhogo wa nazi, na mchana akavitoa vipande akaniachia beseni nilimwage. Kwenye televisheni kulikuwa na katuni zangu za Kiarabu. Bibi akapaza sauti kutoka chumbani, "Miche imepata maji?" Nikatazama ngazi kwa mawazo tu, ghorofa nne kwenda, nne kurudi. Nikatazama beseni. Lilikuwa limejaa. Maji ni maji, nikajiambia. Nikalipandisha juu ya paa, ngazi kumi tu, nikalimimina lote kwenye kopo lililokuwa karibu na mlango kuliko yote, nikarudi mbio kabla katuni hazijaisha. "Imepata, bibi!" Kopo hilo ndilo la mkilua.

Kesho yake wanawake wakaja. Mimi nilikuwa nimechutama nyuma ya tangi, nacheza na vizibo vya chupa. Bibi wa chini akaja peke yake upande ule, akasimama mbele ya mkilua, akauinamia. Akavuta pumzi. Akainama tena, akagusa udongo kwa kidole, akakinusa kidole. Nilidhani anatafuta harufu ya vilua, ingawa vitumba vilikuwa bado vimefumba. "Mashaallah," akasema taratibu, "Tabarakallah." Kisha akageuza kichwa akaniona. Hakunigombeza. Akaniambia, "Mwanangu, leo ushuke mara tatu uuletee mti huu maji ya kiyoyozi. Mara tatu, uumiminie mpaka yatoke chini. Umesikia?" Nikaitikia, "Nimesikia, bibi."

Nilishuka mara moja, na ndoo ilikuwa nusu. Nyumba ilikuwa imejaa wageni wa harusi, watoto wa Makka na wa Madina wamekuja, nani angebeba ndoo?

Siku ya tatu kingo za majani zikawa hudhurungi, kama zimepitishwa motoni. Siku ya nne yakaanza kudondoka. Siku ya tano bibi alipanda asubuhi, na tulimsikia tuko chini. Vitumba vyote saba vilikuwa vimelala juu ya udongo. Aliviokota kimoja kimoja akavitia kwenye kiganja. Sijamwona bibi akilia hata kwa kifo cha mama yangu, kwa sababu kile sikukikumbuka. Kwa hiki nilimwona.

Na mtu akifikwa na jambo bila ya kulijua chanzo chake, hutafuta jicho. Nani aliuinamia mti? Nani aliushikashika? Mmoja wa wanawake akasema yeye alimwona bibi wa chini ameuinamia mara mbili, na kwamba hakumsikia kusema Mashaallah. Mwingine akasema hata yeye hakumsikia. Wote walikuwa mbali, kwenye mkeka, wanapiga kelele za kashata. Aliyesikia nilikuwa mimi, na nilikuwa pale pale, nimeushika upindo wa kanga ya bibi kwa mikono miwili. Bibi alitikisa kichwa akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikauachia upindo wa kanga yake. Wote walidhani anamsema shoga yake.

Wapo watu, huku na kwetu, wanaoamini kwamba dawa ya jicho ni maji aliyonawia mwenye jicho. Anatakiwa anawe, na maji yale yamwagiwe kilichodhurika. Kwenda kumwomba mtu maji hayo ni kumwambia usoni kuwa yeye ni hasidi. Bibi hakuweza kwenda mwenyewe. Alinipa bakuli la bati, akaniambia, "Nenda kwa bibi yako wa chini. Mwambie, bibi anasema unawe humu."

Ngazi zile nilizoziona ndefu kwa ndoo, siku hiyo niliziona fupi. Bibi wa chini alifungua mlango, akalitazama bakuli, akanitazama mimi. Nilimwambia nilichoambiwa. Kisha akachutama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Una neno la kuniambia, mwanangu?"

Nilikuwa nalo. Nikafikiria mkwaju wa bibi, nikafikiria wageni wote watakavyonicheka, nikafikiria mama mdogo atakavyonichukia siku mbili kabla ya harusi yake. Nikasema, "Sina, bibi."

Akasimama. Akachukua kopo la maji, akanawa mikono, akanawa uso, akanawa na miguu, maji yote yakaingia bakulini. Akanipa. Hakunipa kisheti, na mimi sikukitegemea.

Harusi ikafanyika. Mama mdogo alivaa kikuba cha asumini na mrehani na mkadi, na wote wakasema amependeza. Bibi wa chini hakupanda. Alituma sinia la visheti limefunikwa kitambaa cheupe, likawekwa juu ya meza, na mpaka wageni wanaondoka hakuna aliyelifunua. Mimi nilikuwa nalizungukazunguka. Nilitaka kula kimoja nionekane, nikashindwa hata hilo.

Sasa sikia lililonimaliza. Kwa woga, na kwa kutaka Mungu anisamehe bila ya kumpitia mtu yeyote, nilianza kuubebea mti ule maji ya kiyoyozi kila siku, siyo mara tatu, mara tano, sita, mpaka yanatoka chini ya kopo. Nilikonda. Bibi akanisifu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Chumvi ikasafika, nadhani, kwa sababu baada ya wiki kadhaa kwenye shina likachomoza jani dogo la kijani. Bibi aliita jengo zima. Wanawake walipanda, wakaliangalia lile jani, wakaangaliana. Mnaona? Umemwagiwa maji yake, umepona. Kumbe kweli ni yeye. Kwa mikono yangu mwenyewe niliwapelekea ushahidi, ndoo kwa ndoo.

Lile kopo la maziwa lenye tawi lililoahidiwa, bibi aliling'oa. Tawi lenyewe lilikuwa limekauka, lakini hata lingekuwa hai angeling'oa. Na tangu hapo soko likafa taratibu. Kila mmoja aliogopa macho ya mwenzake. Makopo yakafunikwa vitambaa, na ukimwuliza mtu, "Asumini yako vipi?" anakujibu, "Imekufa, dada," nawe unainusa kutoka mlangoni. Ijumaa zikawa za kahawa tu, kisha hata kahawa ikaisha. Bibi hakuwahi tena kumpa mtu mche wa mkilua. Ulitoa maua, miaka mingine mengi, akayachuma peke yake akayaweka chini ya mto wake.

Bibi wa chini alihama kabla ya mwaka kuisha. Mwanawe alipata kazi Riyadh, wakapata nyumba Suwaidi. "Kule baridi inaua miche," wanawake walisema, na walilisema kama watu waliotulizwa moyo. Nilikuwa juu ya paa siku makopo yake yanapakiwa kwenye gari. Kabla ya kuingia alinyanyua uso akatazama juu. Nikarudi nyuma ya tangi.

Unaweza kusema, mtoto wa miaka tisa, mbona unajitesa? Na mimi nilijisemea hivyo miaka mingi. Lakini sikubaki na miaka tisa. Nilikua, nikaolewa, nikahamia Riyadh mwenyewe, nikazaa. Bibi alipougua mara ya mwisho nilirudi Jedda nikamuuguza majuma matatu. Alasiri moja namlisha uji, akasukuma kijiko akasema, "Namkumbuka mwenzangu yule. Hapajatokea mwingine. Laiti asingekuwa na jicho." Hapo nilikuwa na miaka thelathini na ushei. Hakuna mkwaju, hakuna wageni, hakuna harusi. Ilikuwa sentensi moja tu. Nikaona mgonjwa nisimtie uchungu, hivyo ndivyo nilivyojidanganya, nikachota kijiko kingine cha uji. Alifariki Jumatatu iliyofuata.

Nyumba ile imevunjwa. Nilikwenda na mume wangu mwaka juzi tukitoka Umra, nikamwonyesha mahali. Pana uwanja wa kuegesha magari, na mlinzi akatuuliza kama tumepoteza kitu. Wapangaji wa mwisho nasikia waliyaacha makopo juu ya paa kama yalivyokuwa. Nikauliza kwa jamaa wote, Jedda, Makka, Madina: nani alipewa mtoto wa mkilua wa bibi? Hakuna. Kanuni ilikuwapo ili mti usife, na mimi ndiye niliyeivunja kanuni.

Nilipata habari kwamba bibi wa chini yuko hai kutoka kwa mwanamke tuliyekaa meza moja kwenye harusi. Yuko pale pale Suwaidi, akasema, hatoki tena nje, lakini akili anazo. Kutoka kwangu ni robo saa kwa gari. Miaka yote nimekaa naye mji mmoja. Hata hivyo nilichukua miezi miwili kwenda, ikawa majira ya baridi.

Alinifungulia dada wa Kikenya anayemtunza, mchangamfu, soksi za sufi mpaka magotini. "Karibu, karibu ndani, hii baridi si mchezo! Shosho ako sawa leo, amekunywa chai yote." Nikaona ukutani makopo yamepangwa ndani ya sebule, chini ya dirisha, asumini na mirehani. Akacheka alipoona nayatazama. "Hizo ndizo watoto wake. Winter ikifika lazima nizibebe zote ndani, moja moja, na nikisahau hata moja, halas, siku yangu imeisha." Nikayapitia kwa macho. Mkilua haukuwamo. Ungetoka wapi?

Alikuwa mdogo sana kitandani, amejifunga shali mbili. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," nikataja jina la bibi yangu. Akanishika mkono, kisha mkono wake ukapanda ukagusa nywele zangu chini ya mtandio, akazipapasa kama anayetafuta pa kuanzia kusuka. Nilijua nikingoja sitasema.

"Bibi, ule mkilua haukuingiwa na jicho. Nilikuwa mimi. Niliumwagia maji ya ng'onda. Na Mashaallah yako niliisikia."

Hakushtuka. "Najua," akasema. "Nlinusa siku ile ile. Nimezaliwa Unguja mie, nisiijue ng'onda?"

"Mbona hukusema?"

"Nkamwambie nani? Mtu mzima ajitoe kwenye aibu kwa kumtanguliza mtoto? Tena mtoto wa marehemu? Nlikuwa nakungojea wewe. Ulipokuja na bakuli, nkasema, leo ndiyo. Nkakuuliza." Akavuta shali. "Basi. Ulikuwa mtoto. Nshakusamehe zamani, wala usilie. Aliyeniuma si wewe. Aliyeniuma ni yule aliyenijua tangu tu wasichana, asijue kama mie si hasidi." Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa na hamu kama ya msichana. "Haya, nambie. Ulipomweleza, alisemaje?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Miaka yote hiyo alikuwa ameshika kwamba siku moja nilimwambia, na kwamba bibi alikufa akiujua ukweli. Ndicho alichokuwa akikaa nacho mle chumbani.

"Sikumwambia, bibi," nikasema. "Amekufa hajui."

Aliuachia mkono wangu. Haikuwa kwa hasira, mkono wake uliteleza tu, akatazama upande wa dirisha. Dada wa Kikenya aliingia na chai, akatuona, akaiweka mezani akatoka. Chai ikapoa pale pale mezani. Nilipoinuka kuaga alimwita yule dada amkatie kitawi cha asumini, akanipa, akasema kanuni ile ile kama vile Ijumaa haijawahi kukatika: "Kikishika, mwaka hauishi unletee mtoto wake."

Nimefika mlangoni akaniita tena. "Kilua," akasema, "hebu nkumbushe. Kilikuwa kikinukiaje? Nimesahau kabisa."

Nikafumba macho nimtafutie. Nililikumbuka paa, nikalikumbuka tangi, nikamkumbuka bibi akichuma vijiua vyake peke yake. Nilikumbuka rangi. Nikasimama pale mlangoni muda mrefu, na yeye akingoja, kama alivyonichutamia siku ya bakuli. Mwisho nikamwambia, "Nami nimesahau, bibi." Huo ulikuwa uongo pia, kwa kiasi fulani.

Asumini imeshika. Iko kwenye kopo la maziwa dirishani kwangu, na nimeshalipinda tawi moja, inshallah nitampelekea kabla baridi haijaingia. Lakini harufu ya kilua ndiyo basi, haipo Jedda, haipo Riyadh, haipo hata kichwani mwangu. Sababu kila nikifumba macho niivute harufu ile, naanza vizuri, nafika juu ya paa, naukaribia mti, nainama, na kinachonijia puani ni ng'onda.